UZI: Kijiji cha Uingereza ambako mpaka wa shamba bado unaamuliwa na watu 12 juu ya trela la trekta

#1 Mlinda Zamu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Picha za vijijini Uingereza mnazozijua humu ni zile zile: nyumba ya mawe, maua dirishani, kondoo, kanisa. Nimewahi kuzileta mwenyewe, msinitafute. Leo naleta kijiji ambacho ukipita na gari unaweza usigeuze hata shingo. Kinaitwa Laxton, mkoa wa Nottinghamshire. Nyumba za matofali mekundu, vigae vyekundu, baa moja iitwayo Dovecote Inn, kanisa la Mtakatifu Mikaeli, na upande wa kaskazini kichuguu kikubwa kilichoota majani ambacho zamani kilikuwa ngome ya Wanormani. Basi.

Sasa toka nje ya kijiji kidogo uone. Hakuna ua.

Kwa aliyeishi huku hilo linashtua. England karibu yote imekatwakatwa: huku michongoma, kule kuta za mawe, kila konde limefungwa kama zizi. Laxton unasimama ukingoni unaona konde moja limetanda, na ndani yake watu tofauti wanalima ngwe ndefu zilizolala ubavu kwa ubavu, hakuna waya wala uzio. Ya huyu inaishia hapa, ya yule inaanzia hapo hapo. Unazitofautisha kwa rangi ya ngano tu, maana huyu kawahi kupanda na yule kachelewa.

Makonde hayo ni matatu: West Field, South Field na Mill Field. Jumla ni karibu ekari 480. Mkulima mmoja ana ngwe kadhaa huku na kadhaa kule, zimetawanyika. Konde moja linapandwa ngano kabla ya baridi kuingia, la pili linasubiri baridi iishe lipandwe shayiri au maharage ya mifugo, la tatu linapumzika. Mwakani wanazungusha. Sehemu kubwa ya England ya kati ililimwa hivyo karne na karne. Laxton hawajaacha.

Nimekijuaje? Mimi nalea wazee, zamu za usiku. Kuna babu mmoja, mkulima mstaafu, usingizi hamjui. Usiku wa manane mwezi wa kumi na moja akaniambia, "Alhamisi wanakwenda kupiga vigingi." Nikadhani ni usahaulifu wa uzee. Nikampa chai. Akarudia, safari hii kwa hasira, na akanieleza mpaka kukacha. Alhamisi hiyo sikulala. Nikapanda gari la mwenzangu tukaenda.

Mambo yenyewe ni hivi. Kila mwaka wakulima 12 na kiongozi wao wanakuwa baraza la mwaka huo. Mwisho wa Novemba wanapanda trela linalovutwa na trekta, wanakwenda kwenye konde lililopandwa ngano. Wanapita ngwe kwa ngwe. Wanaangalia kama kuna aliyelima akala njia, au akala zile nyasi za pembeni na mabondeni ambazo hazilimwi, zinaachwa kwa ajili ya kukatwa majani ya mifugo. Wanaangalia mitaro kama imezibuliwa. Penye shaka wanapima, wanakubaliana, wanapiga kigingi. Aliyevuka anaandikwa.

Wiki moja baadaye linakaa baraza lenyewe, Court Leet kwa jina lao, pale pale baa. Msimamizi wa mwenye ardhi anakaa mezani, walioandikwa wanatozwa faini, baraza jipya la mwakani linaapishwa. Faini ni pauni chache, wala haitishi. Lakini msidhani ni maigizo ya watalii. Mwaka 1977 Bunge lilipitisha sheria iliyoyanyang'anya mabaraza ya aina hii nguvu za kisheria nchi nzima, na la Laxton likatajwa kwa jina kwamba lisiguswe.

Nilichokiona kwa macho yangu: udongo wa huku ni mfinyanzi mzito, buti zangu zilikuwa na kilo tatu kila moja. Tumefika kwenye kona ya ngwe moja, wazee wameshuka, wamesimama kimya wanaangalia chini kama watu waliodondosha sarafu. Jembe la trekta lilikuwa limeingia kwenye nyasi kiasi cha unyayo mmoja. Unyayo, wakuu! Mmoja akasema ni mvua imemomonyoa. Mwingine akachuchumaa, akachambua bonge la udongo kwa vidole, akaonyesha mizizi ya nyasi imekatwa sawasawa, kama kwa kisu. Mvua haikati hivyo. Hapakuwa na maneno tena, kigingi kikapigwa. Na mwenye ngwe alikuwepo pale pale, amesimama nao, mikono mfukoni, uso mwekundu. Sijui kama ni baridi.

Nitaendelea nikipata nafasi. Karibuni.

#2 Hii Ni Chai

Bila picha mkuu hii ni chai. Wazungu gani wanapimana unyayo wakati wana satelaiti?

#3 Kibaigwa Magunia

Nimeweka kambi hapa.

Swali la mkulima: kwa nini mtu mmoja awe na vipande vilivyotawanyika? Mafuta ya trekta hayo yote kuhama huku na kule? Si wangebadilishana kila mtu awe na lake pamoja? Mimi shamba langu likigawanyika mara mbili tu naona kero.

#4 Mlinda Zamu

@Hii Ni Chai picha nitaweka, zimo kwenye simu iliyopasuka kioo. Lakini ipo bora kuliko zangu. Mwaka 1635 mpima ardhi Mark Pierce alichora kijiji chote cha Laxton, ngwe moja moja, akaandika nani analima wapi. Pembeni akachora watu wadogo kama siafu: huyu analima na ng'ombe, hawa wanavuna, wale wanawinda. Ramani ipo maktaba ya Bodleian, Oxford. Aliyeilipia ni Sir William Courten, mfanyabiashara wa London aliyekuwa ameinunua ardhi ile. Huyo huyo pesa yake ndiyo iliyopeleka walowezi wa kwanza wa Kiingereza Barbados mwaka 1627. Pesa ya ardhi na pesa ya bahari zilikuwa mfuko mmoja, lakini huo ni uzi mwingine.

Satelaiti wanazo. Ila satelaiti haiwezi kuchambua mizizi ya nyasi.

@Kibaigwa Magunia swali lako ndilo lililowasumbua Waingereza miaka mia tatu. Jibu la zamani ni usawa. Konde moja lina bonde linalotuama maji, lina mgongo unaokauka, lina sehemu nzuri. Ukimpa mmoja bonde na mwingine mgongo, mwaka wa mvua kubwa mmoja atalala njaa. Kila mtu akiwa na kidogo kila mahali, mkiumia mnaumia wote kidogo kidogo. Na konde la mapumziko mifugo ya kijiji kizima ilikuwa inaachiwa humo, inakula na kuacha samadi. Hapo lazima mlime zao moja na mvune kwa pamoja, na lazima liwepo baraza. Bila baraza mfumo haukai hata msimu mmoja.

Mafuta ya trekta, hoja yako ina uzito. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwenye ardhi wa wakati ule, Earl Manvers (Earl ni cheo cha kurithi), aliziunganisha ngwe nyingi zikawa chache na pana zaidi. Kwa hiyo zile za leo si nyembamba kama za kwenye ramani.

Jambo jingine nililolielewa baadaye: nyumba za wakulima zote zimo kijijini, zimejipanga kwenye barabara, nyingine zimegeuzia barabara ubavu, ua na mabanda vikiwa nyuma. Sehemu nyingine za England makonde yalipofungwa, wakulima wengi walihama kijijini wakajenga katikati ya mashamba yao mapya. Ndiyo maana huku unaona nyumba moja imejitenga huko peke yake, na kijiji chenyewe kimebaki na wastaafu na watu wanaofanya kazi mjini. Laxton trekta bado inatoka uani inaingia barabara kuu ya kijiji, na ikitoka inadondosha matope mbele ya mlango wa kila mtu.

#5 Mzee wa Operesheni

Vijana, aya hiyo ya mwisho isome tena. Wenzetu walitolewa kijijini wakapelekwa kwenye mashamba. Sisi Tanzania mwaka 1974 tulitolewa kwenye mashamba tukaletwa kijijini, kwa lori. Nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa na migomba mbali, ikawa anatembea saa mbili kwenda kuikagua, mwisho akaiacha. Wao walichukua miaka mia tatu, sisi tulichukua miaka mitatu. Kila serikali ina ramani yake ya mahali mkulima anapotakiwa kulala.

Endelea kijana.

#6 Wakili wa Kata

Uzi mzuri. Tusijione wanyonge lakini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imetupa Baraza la Ardhi la Kijiji, watu saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, yaani hao hao majirani wanaokaa chini kuangalia mpaka. Tatizo letu ni kwamba mtu akishashindwa barazani anasema "twende wilayani", na wilayani kesi inakaa mpaka waliopanda ule mti wa mpakani wamekufa.

Ninachokipenda kwa hao wa Laxton ni ratiba. Hawasubiri ugomvi. Kila mwaka tarehe ikifika wanakwenda, iwe kuna malalamiko au hakuna. Kesi nyingi za mipaka ninazoziona zilianza na unyayo mmoja ambao hakuna aliyeusema kwa miaka kumi.

#7 Mjukuu wa Mathira

Wadau, nawasalimu kutoka Nyeri. Uzi huu umenikumbusha guka wangu, yaani babu.

Alikuwa na vipande saba. Kimoja mtoni cha nduma (magimbi), kingine juu mlimani cha viazi, vingine vya mahindi na maharagwe hapa na pale. Hoja ilikuwa ile ile ya mleta uzi: mvua ikikataa huku, kule itakubali. Kisha wakaja na Mpango wa Swynnerton, 1954, wakati wa Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau. Waingereza walituambia vipande vilivyotawanyika ni ukulima wa kizamani, hauwezi kuleta maendeleo. Mashamba yakapimwa, vipande vikajumlishwa, kila mtu akapewa shamba moja na hati. Waliokuwa kizuizini au msituni hawakuwa na wa kuwasemea siku ya kupima. Guka alirudi kutoka kambini akapata moja tu, kwenye mteremko wa mawe. Hakuwahi kupanda nduma tena.

Sasa mnaniambia kwao wenyewe kuna kijiji kilikuwa kinalima vipande vilivyotawanyika mpaka leo? Mwaka huo wa 54 serikali yao ilikuwa inakifanya nini kijiji hicho?

#8 Mlinda Zamu

@Mjukuu wa Mathira kaa chini kwanza.

Mwaka 1952 Earl Manvers aliiuza Laxton. Aliyeinunua ni Wizara ya Kilimo ya Uingereza. Sababu: kuhifadhi ule mfumo usipotee. Oktoba mwaka huo huo Hali ya Hatari ikatangazwa Kenya. Miaka miwili baadaye ndiyo Swynnerton. Serikali ni ile ile, na malkia ni yule yule.

Nilipoziona tarehe hizo nilibaki nimeshika simu tu. Sisemi afisa mmoja alikaa ofisini akaamua yote mawili. Pengine waliokuwa London hawakujua hata kinachoendelea Mathira. Lakini kipande cha guka wako cha nduma kiliitwa uzamani, na kipande cha mkulima wa Nottinghamshire kikaitwa urithi.

Na hoja waliyowapa Nyeri haikutungiwa Afrika. Waliijaribu kwanza kwao. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kufunga makonde ya pamoja na malisho ya pamoja, zaidi ya moja ya tano ya England yote. Mpima anakuja, ngwe zinajumlishwa, kila mwenye haki iliyoandikwa anapata kipande chake kimoja, na sharti ajenge ua kwa gharama zake. Mwenye haki kubwa alipata shamba. Mwenye haki ndogo alipata kipande ambacho hakitoshi hata gharama ya ule ua, akakiuza. Na yule aliyekuwa na ng'ombe mmoja anayelisha malisho ya wote kwa mazoea, bila karatasi, hakupata kitu. Akaenda kuwa kibarua, au mjini viwandani. Ile michongoma mizuri mnayoipenda kwenye picha, mingi ilipandwa siku hizo. Nikipita na basi sasa siioni kama zamani.

Laxton iliponea chupuchupu. Si kwa sababu waliipenda mila, tusidanganyane. Wenye ardhi wakubwa wa pale walikuwa wawili, vipande vyao vimeingiliana, na hawakuelewana namna ya kubadilishana.

#9 Hii Ni Chai

Nimerudi, naomba radhi kwa chai.

Ila mkuu unawapamba sana. Umesema baraza linasimamiwa na msimamizi wa mwenye ardhi. Kwa hiyo hao wakulima si wenye ardhi, ni wapangaji! Wapangaji wanapimana unyayo kwenye shamba la mwinyi. Hiyo ni demokrasia ya kugombania chumba cha kupanga. Guka wa Nyeri pamoja na mteremko wake wa mawe alikuwa na hati mkononi.

#10 Mlinda Zamu

Hapo umenipiga palipo na jipu, na nakubali.

Wengi wao ni wapangaji kweli. Wizara iliikabidhi Laxton mwaka 1981 kwa Crown Estate, lile shirika linalosimamia mali za taji. Mwaka 2020 Crown Estate ikaiuza kwa Thoresby, mali ya ukoo ule ule wa kina Manvers. Miaka 68 imezunguka ikarudi ilikotoka. Mwinyi karudi nyumbani, vigingi vinaendelea kupigwa. Wakulima wenyewe wamebaki wachache, na ngwe za konde la wazi peke yake hazimtoshi mtu, kila mmoja ana mashamba mengine ya kawaida yaliyofungwa. Nilimuuliza yule babu wa zamu ya usiku kama ngwe zinalipa. Akanijibu kwamba zinalipa vizuri kuliko kukaa kwenye kiti alichokaa.

Lakini mwinyi ndiye mwenye ardhi, unyayo hauamui yeye. Wanaamua wale waliochafuka matope. Kwangu hilo si dogo. Nimefanya kazi mahali ambapo aliyeandika ratiba hajawahi kukesha hata usiku mmoja.

#11 Binti Kihamba

Mimi sitaki siasa, nataka kigingi. Ni cha mti gani, kirefu kiasi gani, kinaachwa au kinang'olewa?

Kwetu Uchaggani mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, ni masale, mimea inayopandwa mpakani. Hayo hayo masale ndiyo unayobeba ukienda kuomba msamaha, na mtu akikuletea isale hukatai. Kwa hiyo jirani akisogeza mpaka, mti aliousogeza ndio huo huo atakaokuja nao mlangoni kwako. Bibi yangu alikuwa anasema masale yana masikio. Yakikauka ghafla mpakani, watu wanaanza kuulizana.

#12 Mlinda Zamu

Binti Kihamba, niliviona kwa karibu. Ni mti mkavu uliochongwa ncha kwa shoka. Vinapigwa kwa nyundo kubwa ya mbao, kichwa cha kigingi kinapasuka na kuchanua kama ua. Nilikiacha kimesimama pale pale.

Masale yenu yameshinda lakini. Vigingi havina masikio.

#13 Kibaigwa Magunia

Nikija huko naruhusiwa kwenda kuona, au wananiitia polisi? Maana mzungu na shamba lake nawajua kwa kusikia tu.

#14 Mlinda Zamu

Njoo tu. England nzima ina njia za miguu za umma zinazokatiza mashamba ya watu, zimo kwenye ramani, na mwenye shamba hana ruhusa ya kukuzuia. Akilima juu ya njia, sheria inampa siku 14 airudishe ipitike. Unakanyaga katikati ya ngano ya mtu, naye anakupungia mkono akiwa kwenye trekta. Mara ya kwanza nilipita nimenyoosha mgongo kama mwizi anayejifanya mgeni wa msiba. Fuata njia tu, usikate kona, na mbwa afungwe kamba penye kondoo.

Usije na basi, utalala njiani, mabasi ya vijijini huku ni ya kuhesabu. Na njoo mapema. Mwisho wa Novemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Sisi tuliondoka wazee wakiwa bado wana ngwe chache, trela limewasha taa, sauti ya nyundo inasikika kutoka gizani.

Babu nilimpelekea habari usiku ule ule. Hakuuliza nani katozwa faini. Aliuliza kona ipi. Nikamwelezea: panapokutana nyasi na njia, karibu na mtaro. Akafumba macho, akacheka peke yake, akataja jina la baba wa yule mwenye ngwe.

#15 Mjukuu wa Mathira

Kwa hiyo ni ukoo! Hahaha. Hata mimi najua mmoja hapa kwetu, jembe lake lina urithi.

#16 Hii Ni Chai

Picha sasa.